Gofu la Shangazi

Nilimdanganya shangazi yangu kwa neno moja, na miaka miwili baadaye neno hilo likanikuta kwenye majani ya Gitega, nikiwa na fimbo mkononi.

Neno lenyewe ni gofu. Sisi tuliokulia Tanzania tunalijua vizuri: gofu ni nyumba iliyoachwa, paa limekwenda, zimebaki kuta na popo. Ile gofu nyingine, ya matajiri wanaopiga kimpira kwa fimbo kisha wanakifuata kwa miguu, mimi niliisikia redioni. Shangazi hakuisikia popote. Kwake gofu lilikuwa moja tu duniani, na ni mimi niliyelisimamisha.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Aliondoka Mutaho, upande wa Gitega, akiwa na miaka kumi, amembeba baba yangu mgongoni, akarudi Burundi akiwa bibi wa watu. Katikati hapo ni maisha ya ukimbizini Tanzania, mahindi na tumbaku, na Kiswahili chake kilichonyooka ambacho hakubali mtu akikunje. Sasa tunaishi Gashoho, huku Muyinga, kwa kuwa ndiko mume wangu alikopata shamba, na yeye anakaa nami. Miguu yake mizima, ulimi wake mzima zaidi. Kitu kimoja tu alikuwa akikiomba: kuiona nyumba ya babu yangu. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ya kwanza katika kilima chao, na matofali aliyachoma babu mwenyewe. Lakini shangazi alikuwa na hofu yake.

"Nenda wewe kwanza," aliniambia. "Macho yako hayana kumbukumbu, hayataumia."

Nikaenda. Nilishuka Mutaho, nikapanda baiskeli ya abiria, nikauliza, nikaelekezwa. Nilikuta maharage. Maharage mazuri, ya kupanda mitini, yamepaliwa safi, na hakuna hata nusu tofali. Nilisimama pale kama mtu aliyekosea mlango, kisha nikarudi zangu.

Sasa mimi ni mtu wa maneno mengi na moyo mdogo. Naweza kubishana sokoni na wanaume watatu juu ya nyanya zangu, lakini mtu mzima akilia mbele yangu natafuta pa kukimbilia. Shangazi alikuwa ananingoja uani amevaa kitenge cha kanisani, na siku ile ilikuwa Jumanne. Nilipokiona kile kitenge, ukweli wote niliokuja nao ukaniponyoka.

"Lipo, shangazi," nilisema. "Paa hakuna, lakini kuta zimesimama. Limebaki gofu tu, lakini lipo."

Nilidhani nimemtuliza, kumbe nimemtia hamu. Tangu siku ile gofu likawa kama ndugu anayetarajiwa kuja. Lina madirisha mangapi? Mawili, nikasema. Jiwe la mlangoni lipo? Lipo. Kina mama wa kwaya wakalijua, wakawa wananiuliza hali yake. Kila alipotaka twende nilikuwa na sababu: mafuta ya magari hayapatikani, na hilo mara nyingi lilikuwa kweli, nyanya zinaiva, goti linaniuma. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Ya kwangu niliivuta ikafika miaka miwili.

Mwisho wa mwezi wa nne shemeji yangu akapiga simu. Shemeji huyu ni mume wa mdogo wangu, Mwislamu wa Muyinga mjini, wa familia ya mafundi, ila siku hizi wanaishi Gitega, ambako anachomelea milango na madirisha ya chuma. Ni mtu wa kushikwa na vitu. Aliwahi kushikwa na njiwa, mdogo wangu akawa anafua kinyesi cha njiwa kwenye mashuka. Kisha akashikwa na kinanda. Safari hii alikuwa ameshikwa na gofu, ile ya fimbo, na picha alizonitumia za yeye mwenyewe akiwa ameipinda nyonga zilikuwa zimeijaza simu yangu. Siku hiyo mimi na shangazi tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikaiweka simu kwenye sauti kubwa juu ya ungo.

"Dada, Samedi mukuye!" alipiga kelele. "Ntabapeleka kwa gofu. Iko muzuri, mutashangala!"

Shangazi akaacha kupukuchua. "Amesema gofu?"

"Amesema gofu, shangazi."

"Kumbe anafika huko?"

"Anakwenda kila wiki."

Akaliweka gunzi chini taratibu. "Basi Jumamosi na mimi nakwenda," alisema.

Wenye lugha watanielewa. Laiti shemeji angesema "lipo", ningeshtuka, au laiti angesema "mchezo upo", shangazi angeshtuka. Lakini Kiswahili cha Burundi hakijisumbui na hayo. Nyumba iko, mtu iko, maharage iko, hata Mungu iko. Gofu nayo ilikuwa iko, na ndani ya ile iko moja shangazi akaingiza nyumba nzima ya baba yake. Mimi niliona tu bibi anayetaka kutembea, nikafurahi.

Asubuhi ya safari alitoka chumbani na kitenge cha kanisani, chupa ya maji, na ufagio mpya.

"Ufagio wa nini, shangazi?"

"Kwenye gofu hakukosi majani."

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Nikamwambia ni kweli kabisa, huko majani ni mengi kuliko kitu kingine. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama anayejiuliza gofu la baba yake lina kichekesho gani.

Tulipita Muyinga mjini kuchukua sambusa ambazo mama yake shemeji humpikia mwanawe kama vile Gitega hakuna chakula, tukafika Gitega kabla ya saa sita. Shemeji alikuwa anatungoja na kofia yake ya kufuma kichwani na mfuko wa fimbo begani, ameushona mwenyewe kwa turubai. Alimpokea shangazi kwa mikono miwili. Ufagio aliuona, akaupenda bila kuuliza.

Uwanja uko nje ya mji, juu ya kilima cha malisho. Si wa mtu, na kwa sababu hiyo ni wa watu wote: wa ng'ombe, wa wapita njia, wa kina mama waendao sokoni, na Jumamosi ni wa shemeji na mafundi wenzake, ingawa siku ile wenzake walikuwa na kazi. Mmoja wao aliwahi kutunza uwanja wa gofu nchi za watu, na aliporudi akawafundisha kuchimba mashimo tisa. Majani yanakatwa na ng'ombe. Shimo ni kopo la maziwa ya unga lililozikwa likabaki mdomo. Kulizunguka kopo kuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari ili upepo usiupeperushe. Duara hilo wanaliita sahani. Bendera ni nondo yenye kipande cha kitenge. Fimbo mbili ni za kweli, za mitumba, zilizobaki amezichomelea shemeji, na ukipiga nazo mkono unaimba hadi begani.

Na mandhari, jamani! Chini kuna bonde la mpunga, kijani cha kuumiza macho. Ng'ambo yake vilima vinafuatana, kila kimoja kimebeba migomba yake, mikaratusi yake na bati zake zinazometa juani, mpaka vya mwisho vinakuwa bluu na huvijui tena kama ni vilima au mawingu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku ikaondoka na vumbi lote. Nilivuta pumzi, nikasema moyoni, kumbe matajiri walikuwa wanatuficha hili.

Shemeji akafinyanga kichuguu kidogo cha udongo, akakiweka kimpira juu yake. Shangazi alikuwa amesimama pembeni, kiganja juu ya macho.

"Liko upande gani?" akauliza.

"Iko kule, shangazi," shemeji akajibu, akanyoosha fimbo. "We unaona drapeau?"

Shangazi akatazama. Mbali, chini ya mteremko, kipande cha kitenge chekundu kilikuwa kinapepea. Akaweka mkono mdomoni.

"Wameliwekea bendera," alisema polepole. "Nyumba ya baba yangu wameiwekea bendera."

Ndipo nilipoelewa. Kitenge, ufagio, swali la simu, yote yakaniangukia kwa mpigo, na ilikuwa zamu yangu kupiga. Nilipiga hewa. Nikapiga tena, nikachimba udongo wa kutosha kupanda mche wa nyanya.

"Dada, hapana angalia mbali," shemeji akanihurumia. "Angalia balle tu!" Akakigusa kimpira kwa fimbo.

Shangazi hakutungoja. Aliteremka na ufagio wake haraka, kitenge amekikamata kwa mkono mmoja, na alifika kwenye bendera kabla ya mipira yetu. Tulimkuta ameinama anachungulia ndani ya kopo.

"Hapa pana kopo," akasema.

"Ndiyo gofu hii, shangazi!" Shemeji alikuwa anang'aa. "Tuko ndani yake!"

Shangazi akalitazama kopo, akamtazama shemeji, akaona mimi nina fimbo na yeye ana fimbo. Si mjinga shangazi yangu. "Aa, nyinyi mnacheza," akasema. "Chezeni, chezeni. Lakini gofu lenyewe liko wapi?" Na swali hilo akaniuliza mimi.

Pale palikuwa pa kusema. Jua zuri, watu watatu tu, mimi na mdomo wangu mkubwa.

"Mbele, shangazi," nikasema. "Liko mbele."

"Ego, iko zingine munane mbele!" akadakia shemeji kwa ndiyo yake ya Kirundi, na shangazi akaridhika.

Basi tukacheza. Naona aibu kulisema hili, lakini kuanzia shimo la pili nilianza kufurahi. Utotoni nilikuwa bingwa wa rede. Hakuna mtoto aliyenikwepa kwa mpira, na mkono haukusahau. Nilikipiga kile kimpira kikaenda juu, kikasita angani, kikashuka karibu na sahani, na mwili wangu wote ukafurahi bila kuniomba ruhusa. Shemeji akaivua kofia akajipigapiga nayo. "Dada! We ulijifunza wapi?" Nikamwambia mambo mengine ni damu. Mimi sipendi kushindwa, hata kwenye kula sambusa, na nilipoona naweza kumpita mwenye uwanja, uongo wangu nikausogeza pembeni kidogo, kama mtu anavyosogeza vyombo vichafu mgeni akija.

Njia ya kwenda sokoni inayakata majani ya shimo la tatu katikati. Nilikuwa nimejipanga kupiga, mama mmoja akapita na kikapu cha ndizi kichwani. Nikanyamaza nikangoja apite, kwa kuwa redioni nilisikia gofu ni mchezo wa kimya. Nikapiga.

"Coup moja ya adhabu!" shemeji akasema, akaniongezea pigo.

"Kwa kosa gani?"

"Haukumusalimia. Hapa kwetu, mutu akipita, unasalimia mbele, unauliza watoto, halafu ndiyo unapiga. Iko règle ya kwanza."

Nilibishana, nikashindwa. Nikamkimbilia yule mama na kumwambia "mwaramutse" kwa kuchelewa, akaniitikia akicheka, na tangu hapo nikawa nasalimia hata ng'ombe, ili nisipigwe adhabu nyingine.

Shangazi naye alikuwa amepata kazi. Kwenye ile sahani ya mchanga miguu yetu iliacha alama, na shangazi hajawahi kuona alama za miguu akaziacha. Alifagia sahani ya pili kwa kunung'unika kwamba mchezo wetu ni mchafu. Alifagia ya tatu kwa duara, kuanzia kwenye kopo kwenda nje, ikabaki mistari mizuri kama uwanja wa harusi. Shemeji alisema mpira haujawahi kukimbia vizuri vile, akamteua palepale kuwa directeur, yaani mkurugenzi, wa sahani zote. Shangazi akajifanya hakusikia, lakini kwenye sahani ya nne alitufukuza tusiikanyage kabla hajaikagua.

Ila kila tulipomaliza shimo aliinua macho.

"Bado?"

"Mbele, shangazi. Mbele kidogo."

Na mimi nikawa natamani mashimo yasiishe.

Shimo la tano, mpira wangu ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye kopo, na wa shemeji ulikuwa umekaa katikati, umenizibia njia. Shemeji akapiga goti, akatoa mfukoni kizibo cha chupa ya soda, akakiweka nyuma ya mpira wake, akauinua mpira.

"Kizibo cha nini?" shangazi akauliza. Alikuwa amesimama na ufagio wake kama askari.

"Ni alama, shangazi. Balle yangu inamuzuia dada. Donc mi natoa balle, naweka kizibo, yeye anapita. Akimaliza, narudisha yangu palepale."

"Palepale?"

"Palepale kabisa."

"Na ukikawia?"

"Hata ukikawia. Kizibo iko inangoja."

"Na hakuna mtu wa kukuambia hapo si pako?"

"Nani ataniambia, shangazi? Wote waliona nilikuwa hapo." Shemeji alicheka, maana kwake lilikuwa swali la mchezo. "Lakini siwezi kuzuia mwenzangu acheze. Ile haikubaliwe."

Shangazi akanyoosha mkono. "Nipe kimoja."

Shemeji alikuwa na mfuko mzima wa vizibo. Akampa kipya cha rangi ya chungwa, shangazi akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, pale anapofungia sadaka. Mimi nikaukosa mpira wa hatua tatu.

Shimo la sita liko kileleni. Hapo upepo haukosi, na vilima unaviona pande zote. Shangazi alisimama kwenye ukingo akaanza kuzunguka polepole, anavipitia kimoja kimoja.

"Kutoka mlangoni kwetu," alisema, "palionekana vilima viwili vyenye mwanya katikati. Asubuhi jua lilitoka kwenye ule mwanya. Mama alikuwa akituambia kilima kinatabasamu." Akazunguka tena. "Hapa siuoni. Wewe uliuona ulipokuja?"

Alikuwa ananiuliza kwa upole, anataka tu msaada wa macho yangu machanga. Nilikuwa nimeshika mpira mkononi.

"Shangazi, hakuna gofu," nikasema.

Nikasema yote, haraka, kama mtu anayetapika: kwamba hapa si Mutaho, hapa ni Gitega, na gofu ni jina la mchezo huu, kwamba Mutaho nilikwenda kweli, na nilikuta shamba la maharage, kwamba kuta hakuna, madirisha hakuna, nilimwona na kitenge cha kanisani nikashindwa. Shemeji alikuwa ameshusha fimbo.

"Na jiwe la mlangoni?" shangazi akauliza.

"Sikuliona."

"Uliniambia lipo."

"Nilikuambia."

Akauweka ufagio begani, akatangulia.

Alifagia sahani ya saba shemeji alipotaka kupiga. Ilipofika zamu yangu akasimama wima akitazama bonde. Sahani ya nane ikawa vilevile: upande wa shemeji ulikuwa na mistari mizuri, upande wangu alama za miguu na kinyesi cha mbuzi. Nililia. Sikujificha, nililia huku natembea, huku napiga, na shimo la saba nilimaliza kwa mapigo kumi na moja. Mtu akinigombeza najua la kujibu, lakini kunyimwa ufagio sikuwahi kujifunza jibu lake. Mapenzi yote ya shangazi, aliyenilea baba alipofariki, nilikuwa nimeyalipa kwa jiwe la uongo.

Shemeji alijaribu. Alinong'ona, "Dada, atapoa," halafu akampelekea shangazi sambusa. Shangazi aliipokea, akaila yote.

Shimo la tisa liko karibu na tulikoanzia. Mpira wangu uliingia kwenye sahani ukasimama hatua mbili kutoka kwenye kopo. Nilisimama juu yake na macho yamevimba, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Maharage ya aina gani?"

Niligeuka. Alikuwa ameegemea ufagio, hanitazami, anautazama mpira.

"Ya kupanda mitini, shangazi."

"Yalikuwa yamekubali?"

"Yalikuwa yamekubali sana. Yalinipita kichwa."

Akatafakari. Shangazi ni mkulima kabla hajawa kitu kingine chochote. "Ile ardhi ilikuwa inakataa maharage," alisema. "Baba alihangaika nayo, akaishia kupanda mtama. Ni nani huyo aliyeiweza?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Akatikisa kichwa, na nadhani kosa hilo lilimuudhi kuliko yote. "Inua mpira wako. Twende nikayaone."

Nikainama kuuokota.

"Weka alama kwanza," akasema.

Nikaomba kizibo kwa shemeji, nikakiweka nyuma ya mpira, nikauinua. Kwa hiyo duru yangu ya kwanza ya gofu haijaisha hadi leo. Shemeji anasema ng'ombe wamekwisha kukikanyaga kile kizibo mara nyingi, lakini kipo.

Shemeji aliazima gari la jirani, Probox isiyo na kioo kimoja, tukafika Mutaho jua likiwa bado juu. Kutoka barabarani tulitembea, mimi mbele, nikitafuta njia kwa aibu. Maharage yalikuwa palepale, msimu mwingine, mazuri kama yale ya kwanza. Ndani yake mwanamke wa rika langu alikuwa anapalilia peke yake.

Alituona, akajinyoosha. Naweza kutuona kwa macho yake: mwanamume mwenye kofia safi, mwanamke aliyetoka kulia, na bibi mwenye kitenge cha kanisani na ufagio. Katika vilima hivi watu wasiojulikana, tena waliovaa vizuri, wakisimama kulitazama shamba lako, hawajaja kutazama maharage, wamekuja kudai ardhi. Alitusalimia kwa Kirundi, kwa adabu zote, lakini jembe hakuliweka chini, na alisogea akasimama kati yetu na mimea yake.

"Mnamtafuta nani?" akauliza.

Shangazi aliitikia salamu, akamuuliza watoto hawajambo, akasifu maharage. Kisha akageuza mgongo na kutazama ng'ambo ya bonde. Kule, wazi kabisa, palikuwa na vilima viwili vyenye mwanya. Shangazi akasogea hatua kushoto. Akarudi nyuma moja. Akainamisha kichwa, akafumba jicho, vilevile kama shemeji anavyoupima mpira na kopo. Akasogea nusu hatua tena, akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo, miguu pamoja, mikono imelegea, kama mtoto aliyeambiwa asubiri hapo.

Kisha akainama akafagia. Ilikuwa nafasi ndogo, kati ya mistari miwili ya maharage, isiyozidi upana wa mlango. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kizibo cha rangi ya chungwa, akakikandamiza udongoni kwa kidole gumba.

"Hicho ni nini?" yule mwanamke akauliza, na sauti ilikuwa imembadilika. "Mmekuja kupima? Mama, mimi nimeolewa hapa. Sina pengine."

"Hapana, mwanangu." Shangazi aliinuka akishika kiuno. "Ni mchezo, nimeuona leo Gitega. Mtu akiwa amekaa mahali, na mwenzake anataka kupita, anajiondoa, anaweka kizibo. Wote wanajua alikuwa hapo, na mwenzake hazuiwi." Akapangusa kidole kwenye kitenge. "Mimi nimekwisha kujiondoa. Cheza."

"Nicheze nini?"

"Lima, mwanangu. Wewe lima."

Yule mwanamke alimtazama shangazi, akakitazama kizibo, akamtazama tena. "Na mvua ikikifukia?"

"Wewe utajua kilipo."

Halafu akaitikia, "Ego, mama," akarudi kwenye mstari wake na kuendelea kupalilia, akija upande wetu. Alipokifikia kizibo aliinua jembe, akakizunguka, akaendelea upande wa pili.

Kwenye gari shangazi alikaa nyuma nami, mikono juu ya mapaja, anatazama nje. Tulikuwa tumepita vilima vitatu au vinne kabla sijapata ujasiri.

"Shangazi, umenisamehe?"

Alinisukumia ufagio nimshikie, akaegemea kiti, akafumba macho.

"Mbele," alisema. "Mbele kidogo."